Shingo Wazi Mbele ya Mkwe

Kibondo, Jumapili 2 Machi 2014
Asubuhi mvua nyembamba na ukungu, jua limetoka tulipokuwa tunarudi kanisani.

Kwako Shangazi Rosa,

Amahoro, masenge. Umelalaje, umeamkaje, Ansila na mumewe wameamkaje, na yule jogoo mkorofi bado yupo au mmekwishamla? Sisi ni wazima. Ndihokubwayo yuko Nyabibuye tangu Alhamisi anatafuta maharage ya kuuza. Nimemwambia mume asiyelala nyumbani ndiye anayelala vizuri, akacheka tu. Anania wetu ameanza kidato cha kwanza na viatu vya Januari tayari vinambana. Steshenari inaendelea, mashine ya fotokopi imezoea vumbi la Kibondo kuliko mimi. Na jambo jingine, ambalo nilitaka ulisikie kwanza wewe: nina mgeni tumboni. Nilidhani milango hiyo ilikwisha kufungwa.

Ningekueleza haya kwa simu, lakini simu yako hupokelewa na mtoto wa jirani. Jumapili tatu mfululizo anasema bibi yuko sokoni. Soko gani la Jumapili jioni?

Halafu Mama Firdausi, anayeuza vitenge hapa stendi, alifika Kasulu wiki iliyopita. Anasema amekukuta kwenye meza yako ya dagaa na mawese umejifunga mtandio shingoni juani, na wateja unawaita kwa filimbi. Nilimwambia amekosea mtu. Shangazi yangu akiita "dagaa" sokoni, watu wa Manyovu kule mpakani wanageuka. Akasema, "Ni yeye. Anapuliza kama refa."

Nijibu, masenge. Kondakta wa basi la asubuhi ni mtu mwaminifu.

Wako mtoto wa kaka yako,
Immakulata

Nimelala saa nne na robo. (Mstari huu nimeuongeza asubuhi.)


Kasulu, tarehe 19 au 20 Machi 2014

Immakulata mwanangu,

Amahoro, amahoro tena, na amahoro ya huyo aliye tumboni. Nimefurahi mpaka nikampa kondakta dagaa wa bure. Mwambie Ndihokubwayo arudi kutoka Nyabibuye haraka, maharage yatamngoja.

Wewe mtoto, barua yako ni kama taarifa ya habari ya redio. Mvua imenyesha wapi, jua limetoka lini, umelala saa ngapi. Ulikuwa hivi tangu sekondari. Nilidhani ukiolewa utapona. Kwetu hali ya hewa ni ile iliyopo, na kulala ninalala.

Simu ilitumbukia kwenye debe la mawese. Inaita vizuri, ila ukiishika inateleza, ndiyo maana nimempa mtoto wa jirani mwenye vidole vyembamba. Filimbi nayo ni ya biashara. Saady, jirani yangu wa dawa za panya, amenunua spika inayopiga kelele kutwa nzima kwamba panya wamekwisha. Nishindane na spika kwa mdomo? Refa hashindwi na mtu.

Ansila hajambo. Mumewe Kipriani bado ni muuguzi katika zahanati ya Heru Juu na tunaishi kwa heshima kamili. Tangu harusi hajaniona uso, wala mimi wake, wala hatujasemeshana neno, kama mama mkwe na mkwe wanavyopaswa. Akimleta Ansila hukohoa kwenye kona ya nyumba, nami huingia chumbani na kufunga kinywa mpaka aondoke. Sauti yake naijua kupitia ukutani tu. Siku hizi vijana wanakula sahani moja na mama wakwe zao. Mimi nimepata mkwe mwenye kikohozi cha adabu.

Nakutumia mawese chupa mbili. Kuhusu mtandio, sehemu hiyo ya barua ilipata mafuta, sikuisoma vizuri.

Shangazi yako,
Rosa


Kibondo, Jumapili 13 Aprili 2014
Asubuhi mawingu mazito, mvua kubwa wakati wa maandamano ya Matawi, padri amelowa kuliko sisi.

Kwako Shangazi Rosa,

Amahoro. Tunaendelea vizuri, mawese yamefika, chupa moja imefika nusu, kondakta anasema ni joto. Tumbo linakua. Ndihokubwayo amerudi na maharage ya rangi mbili ambayo hakuna anayeyataka mpaka yatenganishwe, kwa hiyo jioni tunakaa wote sebuleni tunatenganisha kama watu wa msiba.

Barua yako ya mwisho haikuwa na doa la mafuta hata moja. Na yangu nakumbuka niliiandika kwa kalamu nzuri. Basi nitaandika tena, kwa herufi kubwa: una rovu shingoni, masenge. Nililiona Krismasi ulipoinama kuchochea moto. Lilikuwa kama yai la kuku. Sasa unalifunga mtandio, kwa hiyo si yai tena. Simu hupokei kwa sababu sauti imeanza kukwaruza na hutaki niisikie. Kama nimekosea, nipigie leo jioni unitukane.

Mwezi wa nane daktari bingwa wa upasuaji anakuja hospitali ya misheni huko kwenu kwa wiki mbili. Namfahamu kwa sababu nitakayokueleza baadaye. Kuhusu Mama sitaandika kitu. Wewe unajua na mimi ninajua.

Immakulata

Nimelala saa tano kasoro. Hukupiga.


Kasulu, 4 Mei 2014, tarehe hii nimemuuliza Ansila

Immakulata,

Amahoro, watoto je, maharage je. Sisi tuko salama, kuku wameongezeka, jogoo tumemla.

Sikupiga.

Kwa kuwa hutaki kuandika kuhusu mama yako, nitaandika mimi. Wifi yangu Perpetua aliingia hospitali na rovu akatoka na upepo. Nilikuwa naye. Alipoamka aliniita jina langu, na mimi niliona midomo tu. Miaka kumi na moja, mpaka tulipomzika, alikuwa anawaita ninyi kwa kugonga mfuniko wa sufuria. Wewe ulikuwa mdogo, ulifikiri ni mchezo, mlikuwa mnakuja mnacheza ngoma. Yeye akicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na sauti.

Mimi ni mtu wa soko. Sina shamba, sina mume, sina cheo kanisani. Nina mdomo. Usiku nalala nimeegemea magunia maana nikijinyoosha kitu hiki kinanikalia kooni, na asubuhi sauti inatoka kama mlango wa zizi. Lakini inatoka. Huyo daktari wako akiikata, nitauza nini na nani?

Usimwambie Ansila habari ya magunia. Ukitaka nije kwenye kisu, nieleze kwanza sauti inakatwaje. Kaka yangu alikusomesha sekondari, nieleze. Na usinieleze kama wanavyoeleza manesi, kwamba tumuachie Mungu. Mungu nimekwisha muachia, nataka kujua daktari amebaki na nini.

Rosa


Kibondo, Jumapili 8 Juni 2014
Baridi kali asubuhi, anga safi, moshi wa majiko umesimama wima.

Kwako Shangazi Rosa,

Amahoro ya Pentekoste. Wote wazima. Mtoto anapiga teke ninapokaa kwenye mashine, nadhani hapendi fotokopi.

Samahani nimechelewa kujibu. Nilikuwa namsubiri daktari apite tena Kibondo, ili nisikuandikie uongo.

Tulifahamiana hivi. Mwaka jana alikuja dukani kutoa nakala za michoro ya shingo, ya kuwafundishia waganga wa hospitali. Ni Mnyakyusa, mrefu, mwenye sauti ya chini. Mashine ikakwama, ikatoa shingo moja mara arobaini. Nilipokuwa naisafisha nikamuuliza nyuzi hizi za manjano ni nini, naye akakaa kwenye benchi akanieleza mpaka umeme ukakatika. Safari hii nilimuuliza zaidi, nikaandika.

Sauti inatoka kwenye zoloto, ile gegedu unayoigusa mbele ya koo. Ndani yake mna vikunjo viwili vinavyokutana na kuachana. Vinaamriwa na neva, yaani mshipa wa fahamu, mmoja kulia na mmoja kushoto, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ukikatwa, kikunjo kinalala upande huo, na mtu anabaki na upepo.

Sasa sikia njia yake. Neva hii inatoka kichwani, inapita karibu kabisa na zoloto, lakini haiingii. Inashuka mpaka kifuani, inazunguka chini ya mshipa mkubwa wa damu, ndipo inapanda tena juu kando ya bomba la hewa, nyuma ya mahali rovu linapoota, na kuingia. Nilimwambia daktari, huo ni sawa na mtu wa Kasulu anayekwenda Heru Juu kwa kupitia Manyovu. Alicheka, akasema ndivyo watu karibu wote tulivyoumbwa.

Lakini si wote sawasawa. Kwa mmoja neva inapita mbele ya mshipa wa damu wa rovu, kwa mwingine nyuma, kwa mwingine katikati ya matawi yake. Kwa wengine inagawanyika matawi mawili matatu kabla ya kufika, na ukiokoa tawi moja ukadhani umemaliza, umekata lingine. Na wapo wachache sana, labda mmoja katika mia, ambao ile ya kulia haishuki kifuani kabisa. Inakatiza moja kwa moja kutoka ubavuni mwa shingo. Kwa hao, daktari anaitafuta kwenye njia ya Manyovu wakati yenyewe imepita ya mkato, na kwa macho inafanana na mshipa mdogo tu wa damu. Anasema hakuna shingo mbili zilizo sawa, na anayefikiri ziko sawa asishike kisu.

Nikamuuliza, sasa wewe unajuaje? Alisema, "Nafungua polepole, siukati uzi nisioujua jina, na kwa mtu kama shangazi yako simlazi usingizi. Namchoma ganzi shingoni, namwomba aseme muda wote. Sauti ikibadilika, naacha."

Yaani, masenge, kazi yako kwenye meza itakuwa kusema.

Immakulata

Nimelala saa nne na nusu, baada ya kuchora upya mchoro ninaokutumia. Ile ya rangi ya machungwa ni neva. Ya manjano iliisha wino.


Kasulu, 29 Juni 2014

Immakulata mwanangu,

Amahoro, na asante kwa shingo. Nimeibandika ukutani juu ya kalenda. Kila anayeingia anauliza ni mto gani.

Nimeisoma barua yako mara nne, na mara ya mwisho nilimsomea Saady baada ya kumzimia spika yake. Alisema hajawahi kusikia mgonjwa anayelipwa ganzi ili apige soga. Ansila amelia kidogo, kisha amecheka. Basi nakuja, au tuseme nakwenda, hospitali ni hapa hapa. Kusema naweza. Nimeanza kutafuta maneno ya kutosha, maana nikianza kuhadithia nitacheka, na nikicheka shingo itatikisika. Nimeonelea niwasalimie watu. Kwa desturi yetu salamu haina mwisho: umelalaje, wa nyumbani wamelalaje, ng'ombe, shamba, mgonjwa wa mwaka juzi. Nitatoka Kasulu nyumba kwa nyumba. Akinikata taratibu nitafika mpaka mpakani.

Lakini kuna jambo moja na kwa hilo sirudi nyuma. Kipriani amehamishwa. Yuko hospitali hiyo hiyo sasa, na amepangwa chumba cha upasuaji. Ansila amenieleza juzi, akitazama pembeni. Sitalala mezani nimefunuliwa shingo na mabega mbele ya mkwe wangu. Hilo hata mfu hafanyiwi. Panga unavyojua kupanga. Asiwepo.

Rosa


Kibondo, Jumapili 20 Julai 2014
Vumbi, upepo tangu alfajiri, mlima hauonekani.

Kwako Shangazi Rosa,

Amahoro. Hapa wote ni wazima, ila miguu yangu imevimba na mkunga amenikataza safari ya basi. Nimeomba, nimebembeleza, amekataa. Kwa hiyo siku yako sitakuwepo, na hilo linaniuma kuliko miguu.

Nimepanga. Siku ni Jumanne tarehe 19 Agosti, asubuhi. Nimezungumza na Kipriani kwa simu. Kabla sijamaliza alikuwa amekwisha badilishana zamu na mwenzake. Alisema yeye mwenyewe hajalala tangu aliposikia. Siku hiyo atakuwa nyumbani kwake. Upande wako atakuwepo nesi Faudhia, watu wake ni wa Ujiji, Kiha hajui sana lakini anapenda mazungumzo. Chukua kanga mbili na ndala. Usile tangu usiku. Filimbi usiende nayo.

Immakulata

Nimelala saa tano na dakika kumi.


Kibondo, Jumapili 24 Agosti 2014
Asubuhi joto, mawingu ya kwanza tangu Mei.

Kwako Shangazi Rosa,

Amahoro. Nampa barua hii kondakta na sijui utaisoma ukiwa wapi. Jumanne nilimpigia Ansila mara sita. Jioni alipokea, akasema, "Mama mzima." Nikauliza sauti, akasema mama amelala, mtandao ukakatika. Jumatano akasema mama mzima. Alhamisi nikasema nipe niongee naye hata neno, akasema daktari amekataza. Kipriani hapokei kabisa, na hilo ndilo silielewi, maana Kipriani hupokea hata akiwa anakula.

Mfuniko wa sufuria umeanguka jikoni jana, nikakaa chini.

Niandikie hata mstari mmoja. Kama ni upepo, niandikie ni upepo.

Immakulata

Saa ya kulala sikuitazama.


Kasulu, Jumapili 7 Septemba 2014

Immakulata mwanangu,

Amahoro, amahoro, na samahani. Si upepo. Inakwaruza kama chura wa masika lakini ni yangu, na daktari amesema itanyooka. Alinikataza kusema wiki mbili, ndiyo maana soko zima limekuja kunitazama nikiwa kimya, kama watu wanaotazama ndama mwenye vichwa viwili. Na sikuandika kwa sababu Ansila na Kipriani walikuwa wanaona aibu ya kilichotokea, nami nilitaka nikihadithie mwenyewe. Haya, kaa vizuri na hilo tumbo.

Nilipelekwa asubuhi. Wakanilaza, mto chini ya mabega, kitambaa kama pazia usoni ili nisione. Sindano za ganzi ziliuma kama manyigu, kisha shingo ikawa ya mtu mwingine. Daktari akasema, "Mama, sema." Nikaanza. Nikamsalimia Faudhia, akaitika. Nikauliza watu wake wa Ujiji mmoja mmoja. Nikaanza nyumba za Kasulu kutoka stendi, na Faudhia anajibia wote, "Wazima, wazima, yule alihama." Kwa daktari nasikia tu vyuma vikigongana. Mara moja moja anasema, "Sauti nzuri, endelea." Kasulu ikaisha. Nikapanda Heru Juu. Nikauliza mihogo, nikauliza mahindi, nikauliza wazee wote kwa majina, nikafika kwa mbuzi.

Sasa elewa kwamba yule aliyebadilishana zamu na Kipriani alikuwa ameshikwa na homa asubuhi hiyo hiyo, wakamwita Kipriani. Naye alijua anayelazwa kwenye meza ile huwa amelala usingizi wa dawa. Wewe ulimweleza habari ya zamu, habari ya ganzi hakuna aliyemweleza. Akafikiri, mama amelala, amefunikwa, nitaingia nikitazama ukuta, niweke vyombo nitoke.

Mlango ukafunguka. Akakohoa, kwa mazoea. Halafu akasema, "Daktari, nyuzi hizi hapa."

Ile sauti ya ukutani kwangu.

Immakulata, sikuamua. Kinywa kilijifunga chenyewe kama kinavyojifunga nyumbani. Nikabaki na mbuzi mdomoni.

Daktari akasema, "Mama?" Kimya. "Mama, sema kitu." Kimya. Nikasikia vyuma vyote vimesimama. Faudhia akaniita, akanigusa mkono, mimi nimekaza macho. Daktari akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na nafsi yake kwamba hajakata kitu, hajafunga kitu, imekuwaje. Akaomba taa isogezwe. Muda ule, mwanangu, nilimsikia anavyopumua. Nilimhurumia, lakini nitasemaje?

Ndipo Kipriani akaelewa. Sijui alinitambuaje, labda kwa kimya chenyewe, maana ndiyo salamu pekee aliyowahi kupata kwangu. Akasema, "Daktari, si neva. Ni mimi. Huyo ni mama mkwe wangu. Nikitoka atasema." Na akatoka, Faudhia anasema alitoka kinyumenyume, akaangusha ndoo.

Mlango ukafungwa. Nikasema, "Sasa tulikuwa kwenye mbuzi."

Faudhia alicheka mpaka akaondolewa. Daktari hakucheka. Akasema, "Mama, endelea na mbuzi, polepole." Nikaendelea. Mbuzi wakaisha, nikashuka njia ya Manyovu, na sikufika mpakani.

Jioni alikuja kitandani kwangu, akavuta kiti. Akasema kwao pia mke humkimbia baba wa mumewe, na mkewe mwenyewe aliwahi kuruka dirisha. Halafu akaniambia kilichotokea. Nilipoacha kusema, alikuwa ameshika uzi mmoja mwembamba unaokatiza kutoka ubavuni, upande wa kulia. Neva alikuwa bado anaitafuta kule chini, kwenye njia yake. Uzi huu aliuona kama mshipa mdogo wa damu, na alikuwa ananyoosha mkono apewe nyuzi za kuufunga. Kimya changu kilimfanya auachie. Akaufuata kwa taa pande zote mbili, unatoka wapi, unaingia wapi. Unaingia kwenye zoloto.

Mmoja katika mia, mwanangu, ni mimi. Mimi sikupitia Manyovu.

Akasema, "Ungekuwa umeendelea kusema, ningefunga, na hapo ndipo ungenyamaza kweli."

Sasa utanijibu wewe uliyesoma. Nimekuwa nikijisifu maisha yangu yote kwa mdomo, na kilichouokoa ni kuufunga.

Rosa

Kichupa cha asali ni cha koo lako, si cha kondakta.


Kibondo, Jumapili 28 Septemba 2014
Mvua ya kwanza usiku, asubuhi udongo unanukia, ndege wengi.

Kwako Shangazi Rosa,

Amahoro kutoka kwetu sote, na sasa tumeongezeka. Ni msichana, alizaliwa tarehe 11 saa kumi alfajiri, analia hadi Mama Firdausi anamsikia kule stendi. Jina bado. Ndihokubwayo ana mawazo yake na mimi nina yangu.

Barua yako niliisoma nikiwa na uchungu wa kwanza. Nilicheka, nikalia, mkunga akadhani nimepagawa. Ni kweli nilipanga zamu, nikapanga kanga na ndala, habari ya ganzi nikaisahau. Namshukuru Mungu kwa kusahau kwangu na nitajitahidi kutokuzoea.

Daktari alipita juzi kutoa nakala. Safari hii ni mchoro alioufanya yeye mwenyewe, shingo yako, masenge, bila jina, na ule uzi unaokatiza. Atawafundishia. Nilitoa nakala kumi na mbili na mashine haikukwama hata mara moja. Nikamuuliza lile ambalo wewe na mimi tumelizunguka. Kama Mama naye alikuwa hivyo. Aliiweka karatasi chini. Alisema hajui na hakuna atakayejua, kwa kawaida jambo hili halifuati ukoo, na neva iliyo kwenye njia yake nayo hukatwa, hasa enzi zile taa ikiwa mbovu. Alisema, "Sitakupa jibu ili ulale vizuri." Nikamheshimu zaidi.

Lakini nimelala vizuri. Naona ajabu. Nilikuwa nimebeba hasira kwa mtu nisiyemjua sura, na sasa namwona tu kama mtu aliyeinama juu ya njia asiyoifahamu.

Kipriani ameanza kupokea simu. Anauliza kama umemkasirikia.

Immakulata

Saa ya kulala sina. Mtoto ndiye anayeitunza.


Kasulu, Jumapili 26 Oktoba 2014
Asubuhi mawingu, kisha jua, kisha mvua ya ghafla iliyolowesha dagaa wa watu. Unaona, nami naweza.

Immakulata mwanangu,

Amahoro, na amahoro ya binti. Ansila anasema mmempa jina langu na kwamba ni siri. Basi sijasikia.

Nimerudi mezani kwangu wiki ya pili sasa. Sauti ya chini yote imerudi, ya juu inakatika kidogo kama kitenge cha bei rahisi, lakini Alhamisi niliita "dagaa" na Saady akazima spika mwenyewe. Filimbi nimempa refa wa kweli.

Kumkasirikia? Jana Kipriani alimleta Ansila. Akakohoa kwenye kona, nami nikaingia chumbani kama siku zote. Nikasikia anangoja ndipo aondoke. Nikafikiri, mtu huyu alisema maneno mawili matatu akatoka kinyumenyume, na kwa ajili hiyo mimi nina koo. Watu wa hapa wananiambia nivunje mwiko, nimwite sebuleni, tule pamoja, dunia imebadilika. Sitaki. Ningekuwa nimeuvunja mwaka jana, asubuhi ile ningemwambia tu weka nyuzi hapo mwanangu, na kuendelea na mbuzi.

Lakini ukuta hauna ukoo na mtu. Nikausogelea, nikapiga makofi mawili ya salamu, nikausalimia ukuta. Umelalaje, ukuta. Wa nyumbani wamelalaje. Kazi je, wagonjwa je. Nje kimya. Nikadhani amekimbia. Halafu nikasikia makofi mawili kutoka upande wa pili, taratibu, na ukuta ukaniitika. Tulisalimiana mpaka Ansila akakaa chini. Tulipofika Heru Juu nikauliza, "Na mbuzi je?"

Ukuta ukakohoa. Ukasema, "Wanakusubiri, mama. Hawakumalizwa."

Simu nimeipangusa mawese. Jumapili ijayo jioni kaa karibu na yako, na umweke binti karibu ili ajue mapema anaitwaje na nani.

Shangazi yako,
Rosa

Mstari huu nimeuongeza asubuhi, kama wewe. Magunia nimeyarudisha stoo. Nimelala saa tatu na nusu, chali, nimejinyoosha.